Kuchagua utando wa kuhami umeme kwa vipuri vidogo sana vya metali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya fundi, mhandisi, mwanafunzi au mnunuzi mwenye sindano, springi, pini, skrubu, sumaku au kipande kingine cha metali kisichozidi milimita chache, ambaye anataka kukivika utando utakaozuia umeme usipite na unyevu usipenye. Unene umetolewa kwa maikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu huwa na maikroni 50 hadi 100 hivi. Nyuzi zote za joto ni za Sentigredi.

Nianzie wapi: kwenye volteji, kwenye unene au kwenye aina ya utando?

Wengi huanza na volteji, kwa kuwa ndiyo namba inayoonekana kwanza kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa. Kwa kipuri kidogo sana, ushauri wangu ni kwamba volteji iwe swali la mwisho. Karibu kila utando wa kuhami unaouzwa leo, ukipakwa bila dosari, hustahimili volteji kubwa kuliko ile inayotumika katika vifaa vingi vya kielektroniki. Kinachouangusha utando ni mambo mengine: joto la kuuivisha ambalo linaharibu kipuri chenyewe, unene unaokizuia kipuri kuingia mahali pake, ukingo mkali ulioachwa wazi bila mtu kujua, au chumvi ya kidole iliyofungiwa chini ya utando.

Kwa hiyo jiulize kwanza kipuri kinavumilia joto gani bila kubadilika tabia. Kisha uulize kimeachiwa nafasi kiasi gani pande zote, kitakaa katika hewa kavu, mvuke, maji ya chumvi, mafuta au mwili wa mtu, na kama kitapindwa, kitasuguliwa au kitatulia. Ukishajibu hayo kwa ukweli, tando zinazofaa hubaki mbili au tatu tu, na hapo ndipo volteji inapoweza kuamua kati yao.

Ni tando zipi zinazotumika hasa, na zinatofautianaje?

Kundi la kwanza ni la vanishi na rangi za majimaji: akriliki, poliurethani, epoksi na silikoni. Hizi huchovywa, hupuliziwa au hupakwa kwa brashi. Katika viwanda vya bodi za saketi, akriliki, poliurethani na epoksi hupakwa kwa desturi unene wa maikroni 30 hadi 130, na silikoni maikroni 50 hadi 210. Akriliki ni rahisi kuipaka na ni rahisi kuiondoa kwa kiyeyushi, jambo linaloifaa sana kazi ya matengenezo lakini linaloifanya isifae mahali penye petroli au spiriti. Poliurethani huvumilia kemikali na msuguano vizuri zaidi. Epoksi ni ngumu na hushika sana, lakini kipuri kinachopindwa huipasua. Silikoni hubaki laini kuanzia kwenye baridi kali hadi karibu nyuzi 200, ila huchubuka upesi.

Kundi la pili ni poda ya epoksi, ambayo hupuliziwa kwa chaji ya umeme au kipuri chenye moto huzamishwa ndani ya poda inayorushwarushwa na hewa, kisha huokwa. Huacha koti nene, mara nyingi maikroni 100 hadi 400. Hutumika sana kwenye rota za mota ndogo na kwenye pete za feraiti, na mahali pake ni palepale penye nafasi ya kutosha.

La tatu ni upakaji wa rangi kwa mkondo wa umeme, ambapo kipuri huzamishwa katika beseni la rangi yenye maji na umeme huivuta rangi hadi kwenye metali. Unene wake ni maikroni 15 hadi 35, nao hulingana vizuri hata katika sehemu zilizojificha.

Zipo pia tando za plastiki zenye florini, maarufu zaidi ikiwa ni PTFE (wengi huijua kama Teflon), ambayo Roy Plunkett aliigundua mwaka 1938. Huvumilia nyuzi 260 mfululizo na huteleza kuliko karibu kila kitu, lakini koti jembamba la PTFE lina vitundu, na mimi singeitegemea peke yake kuzuia umeme mahali penye maji. Kwa alumini kuna njia ya kuikuza oksidi yake yenyewe ndani ya asidi kwa umeme. Oksidi hiyo ni ngumu sana na huhami volti 20 hadi 40 hivi kwa kila maikroni, ila hupasuka kwa nyufa nyembamba ikipata joto, kwa sababu alumini hutanuka mara kadhaa zaidi ya oksidi iliyoifunika. Na mwisho kuna parilini, inayostahili jibu lake yenyewe.

Parilini ni nini, na kwa nini hutajwa sana vipuri vinapokuwa vidogo?

Parilini ni plastiki ambayo haipakwi ikiwa majimaji wala poda. Michael Szwarc aliigundua mwaka 1947 huko Manchester, Uingereza, na William Gorham wa kampuni ya Union Carbide ndiye aliyebuni njia ya kuizalisha iliyoingia sokoni mwaka 1965. Malighafi yake ni poda nyeupe inayovukizwa kwenye nyuzi 150 hivi. Mvuke wake hupitishwa katika tanuri la nyuzi karibu 680 ambako molekuli hupasuka, kisha huingia katika chumba cha ombwe chenye joto la kawaida, na humo hutua na kuungana kuwa plastiki juu ya kila uso unaokutana nao.

Kutokana na hilo hupatikana faida tatu ambazo kwa kipuri kidogo ni kubwa mno. Kipuri chenyewe hakipati moto. Hakuna majimaji, kwa hiyo hakuna tone linaloning'inia chini wala rangi inayokimbia ukingo. Unene wa juu ya bapa na wa kwenye kona huwa karibu sawa. Isitoshe, utando hufungamana bila vitundu hata ukiwa na maikroni chache tu. Aina ya C, ambayo ndiyo hutumika zaidi, huhami takriban volti 220 kwa kila maikroni, wakati poda ya epoksi huhami kama 30 hadi 45. Maikroni 5 za parilini C zinaweza kufanya kazi ya maikroni 25 hadi 35 hivi za epoksi, na kwa sindano yenye kipenyo cha milimita 0.3 tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama sindano itapita au haitapita.

Hasara zake nazo zisifichwe. Parilini C katika hewa haipaswi kuzidi nyuzi 80 ikiwa inatarajiwa kudumu miaka 10. Ipo aina yenye florini, HT, inayofika nyuzi 350, lakini bei yake ni ya juu sana. Ni laini na hukwaruzika kwa kitu chenye ncha. Jua huigeuza njano na kuidhoofisha. Haishiki vizuri kwenye dhahabu, na hata kwenye metali nyingine huhitaji kwanza kemikali ya silani ya kuisaidia kushika. Pia haifanyiki karakana: unahitaji mashine ya ombwe, na kwa mafundi wengi hilo lina maana ya kupeleka vipuri kwa kampuni inayotoa huduma hiyo, mara nyingi nje ya nchi.

Joto la kuivisha utando linaweza kuharibu vipi kipuri?

Kwa njia nyingi, na hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Chukua sumaku ya neodimi yenye umbo la pete, kipenyo milimita 4, inayotumika ndani ya mota ndogo. Daraja la kawaida la sumaku hiyo huanza kupoteza nguvu ikizidi nyuzi 80, na poda ya epoksi huokwa kwenye nyuzi 150 na zaidi. Sumaku itatoka tanurini ikiwa imevikwa vizuri, inang'aa, na imekufa. Suluhisho ni mawili: ama ipakwe kabla haijatiwa usumaku, kama viwanda vingi vya sumaku vinavyofanya, ama ipewe utando usiohitaji moto. Mpako wa nikeli unaokuja nao sokoni huzuia kutu, lakini nikeli ni metali na haihami umeme hata kidogo.

Kiungo kilicholehemewa kwa risasi na bati huyeyuka kwenye nyuzi 183, kwa hiyo tanuri la nyuzi 180 lenye kipimajoto kisichoaminika ni hatari tupu. Waya za nitinoli, zile zinazokumbuka umbo, hubadilisha joto lao la kurejea umbo zikikaa katika nyuzi zaidi ya 350, na PTFE huyeyushwa na kushikana juu ya nyuzi 327. Springi za chuma kigumu huwa na tatizo jingine ambalo chanzo chake si tanuri bali ni asidi: zikisafishwa kwa asidi kabla ya kupakwa, haidrojeni huingia ndani ya chuma na springi hukatika siku kadhaa baadaye bila onyo. Ama tumia njia ya kusafisha isiyo na asidi, ama uzioke kwenye nyuzi 190 hivi ndani ya saa 4 baada ya kutoka kwenye asidi, kabla hujazifunika.

Nihesabuje unene ili kipuri kiendelee kuingia mahali pake?

Kumbuka kwamba utando hukaa pande zote mbili. Pini ya milimita 0.30 ikipata maikroni 25 huwa na milimita 0.35. Kwenye tundu, hesabu hugeuka na kipenyo hupungua kwa kiasi hichohicho. Oksidi ya alumini ni tofauti kidogo: takriban nusu ya unene wake huota kuelekea ndani na nusu nyingine kuelekea nje, kwa hiyo kipimo huongezeka kwa nusu tu ya kile ambacho ungetarajia.

Skrubu ndizo zenye mtego. Kwa sababu kuta za uzi wa skrubu zimeinama kwa pembe ya digrii 60, kipenyo cha katikati ya uzi hukua mara 4 ya unene wa utando, si mara 2. Skrubu ya M2, yaani ya kipenyo cha milimita 2, yenye utando wa maikroni 25 hukua milimita 0.1 mahali hapo, ilhali hatua nzima ya uzi wake ni milimita 0.4. Nati ya kawaida ama haitaingia, ama itaingia kwa nguvu huku ikiukwangua utando wote. Kwa skrubu ndogo kiasi hicho mimi ningeiacha skrubu ilivyo na kutumia bushi na washa za plastiki, au skrubu ya plastiki kabisa.

Kwa nini utando huharibika kwenye kingo na ncha kuliko sehemu nyingine?

Majimaji yoyote hujivuta kuelekea sehemu bapa, na kadiri ukingo unavyokuwa mkali ndivyo yanavyouacha wazi. Rangi za kuokwa hufanya hivyo mara mbili: zinapopakwa, na tena zinapolainika tanurini kabla hazijaganda. Wakati huohuo, umeme hujikusanya kwenye ncha, kwa hiyo mahali penye utando mwembamba kuliko kote ndipo penye msukumo mkubwa wa umeme kuliko kote. Kipimo cha unene kilichochukuliwa katikati ya kipuri hakikuambii lolote kuhusu mahali hapo.

Dawa bora huja kabla ya kupaka: ondoa makapi ya kukatia na uuviringishe ukingo, hata kama ni kwa nusu kipenyo cha milimita 0.1 tu. Vipuri vidogo vingi vinaweza kuviringishwa pamoja kwenye pipa lenye changarawe laini za kauri hadi kingo zote zipoe ukali. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na utando wenyewe. Ukingo ukilazimika kubaki mkali, kwa mfano ule wa kisu cha upasuaji, basi acha majimaji na uchague parilini, au ukubali kwamba ukingo huo hautahamiwa na upange kifaa chako kwa kuzingatia hilo.

Volteji je? Ninajuaje kwamba unene unatosha?

Chukua volteji ya kilele, si ile ya wastani. Umeme wa volti 230 una kilele cha volti 325 hivi, na mawimbi ya ghafla kwenye nyaya za nyumba ni makubwa zaidi ya hapo: viwango vya kimataifa vinavitaka vifaa vya kawaida vya kuchomeka ukutani vya volti 230 vistahimili pigo la volti 2,500. Kisha gawanya uwezo wa utando ulioandikwa kwenye karatasi kwa 3 angalau, kwa sababu namba ile ilipatikana kwenye bapa laini, safi na kavu. Usizidishe namba ya utando mwembamba ili kukadiria mnene. Kadiri utando unavyonenepa, uwezo wake kwa kila maikroni hushuka.

Jambo moja linalowachanganya wengi ni kwamba kipuri chenye vitundu kinaweza kupita kipimo kikiwa kikavu. Hewa ya kawaida, hata pengo liwe dogo namna gani, haipasuki kwa cheche chini ya volti 327 hivi. Hii ni kanuni ya Paschen. Kwa hiyo kitundu kikavu kwenye kifaa cha volti 24 hakijulikani hadi siku tone la maji ya chumvi litakapoingia humo.

Kwa usalama wa watu niseme wazi: utando mwembamba usiwe kitu pekee kinachomtenganisha mtu na umeme wa ukutani. Hapo weka umbali, plastiki ngumu na waya wa ardhi, na utando uwe nyongeza.

Kipuri changu kinabeba umeme wa masafa ya juu. Kuna tofauti?

Ipo, na ni kubwa. Utando mwembamba kati ya metali mbili, au kati ya metali na mwili wenye unyevu, ni kapasita, yaani kitu kinachouzuia umeme wa betri lakini kinachoupitisha ule unaogeuka upande kwa haraka. Sindano ya kipenyo cha milimita 0.3 iliyoingia milimita 20 ndani ya mwili ina eneo la milimita za mraba 19 hivi. Ikiwa na maikroni 5 za parilini C, kapasita yake ni kama pikofaradi 100. Ukiipima kwa multimita au kwa mega (kifaa cha kupimia uhami kwa volteji kubwa), utaona ukinzani mkubwa kiasi kwamba kipimo hakifiki. Lakini kwenye kilohezi 500, ambazo zimo ndani ya masafa ya mashine za upasuaji za umeme, kapasita hiyo huzuia kwa omu 3,000 na kidogo tu, na mkondo hupenya utando usio na kitundu hata kimoja. Maikroni 50 zingeufanya uzuiaji huo kuwa mara 10. Kwa kazi hii unene wenyewe una thamani, na ndiyo maana vifaa vya upasuaji wa aina hiyo huvikwa mirija ya plastiki au makoti manene badala ya utando mwembamba pekee.

Vipuri vitatumika pwani. Nichague nini?

Hewa ya Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja ina unyevu na chumvi, na chumvi ikikaa juu ya utando huvuta maji hata kabla mvua haijanyesha. Umeme basi hupita juu ya uso badala ya kupenya ndani. Kwa hiyo umbali kati ya sehemu mbili zilizo wazi una uzito sawa na utando wenyewe.

Usiichague silikoni au kuikataa kwa kuangalia tu namba ya mvuke inaoupitisha. Silikoni hupitisha mvuke mwingi, na bado hulinda vizuri, kwa sababu ikishika metali sawasawa mvuke haupati nafasi ya kukusanyika kuwa maji. Utando usiopitisha mvuke lakini ulioachia metali hata mahali pamoja ni mbaya kuliko huo, kwani maji yakiingia hayatoki. Kwa pwani ningechagua parilini kwa vipuri vya ndani ya kasha, silikoni au epoksi kwa vile vyenye nafasi, na ningedai kipimo cha ukungu wa chumvi cha ISO 9227 kifanyike kwenye kipuri chenyewe badala ya kibati cha mfano.

Je, rangi ya kucha au rangi ya kawaida ya kupulizia inafaa?

Kwa jaribio la muda mfupi, kukiwa kukavu na volteji ikiwa ndogo, inaweza kusaidia. Kwa kifaa cha kumkabidhi mteja, haifai. Rangi nyeusi mara nyingi zina kaboni na rangi za fedha zina vumbi la alumini, na vyote viwili hupitisha umeme.

Kusafisha kabla ya kupaka kuna umuhimu gani?

Kama ungekuwa na fedha ya kuboresha hatua moja tu, ningekuomba uitumie hapa. Utando wa kawaida hupitisha maji kidogo kidogo. Yakikuta chumvi ya kidole chini yake, chumvi huyeyuka na kuvuta maji zaidi hadi utando unatumbuka malengelenge. Kipuri kitapita vipimo vyote siku ya kwanza na kufa baada ya miezi.

Ondoa mafuta kwanza kwa sabuni ya viwandani au kiyeyushi, ikiwezekana kwenye beseni la mawimbi ya sauti, kwa sababu brashi haifiki ndani ya mizunguko ya springi ndogo. Suuza kwa maji yaliyoondolewa madini, si ya bomba. Malizia kwa spiriti ya isopropili iliyo safi na ukaushe tanurini. Tangu hapo kipuri kishikwe kwa koleo safi au glavu za nitrili, na kipakwe siku hiyohiyo. Kuvifuta vipuri kwa kitambaa kimoja kuanzia cha kwanza hadi cha mia ni kuvigawia mafuta kwa usawa.

Nina vipuri elfu kadhaa. Vinapakwaje vyote bila kuacha alama ya mahali vilipokamatwa?

Kila kipuri kilichoshikiliwa kwa ndoano huwa na sehemu moja isiyopakwa. Kwa upakaji wa mkondo haikwepeki, kwa kuwa ndoano ndiyo inayopeleka umeme. Panga mguso huo uwe mahali pasipo na madhara. Parilini inaweza kupakwa ndani ya pipa linalozunguka, ambamo vipuri hugusana kila mara mahali tofauti na hivyo huvikwa kila upande. Njia hiyo inafaa pini, sumaku na pete. Haifai vipande bapa vinavyogandana wala springi zinazonasana, na haifai sindano zenye ncha, kwani zitachomana. Kwa vanishi kuna njia ya kuchovya kikapu kizima kisha kukizungusha kwa kasi ili majimaji ya ziada yarushwe nje, nayo huhitaji kurudiwa angalau mara mbili, vipuri vikiwa vimebadilisha mkao.

Nitaachaje sehemu ya mguso wazi?

Kwa majimaji, funika kwa mkanda wa poliimidi au kofia za silikoni. Kwa parilini, ufunikaji lazima uzibe kabisa, kwa maana mvuke huingia penye upenyo wowote, na kwa vipuri vidogo gharama ya kazi hiyo ya mkono hushinda gharama ya parilini. Mara nyingi ni afadhali kupaka kila mahali kisha kuondoa kwa leza. Ndivyo zinavyofanyiwa elektrodi nyembamba za kurekodi mishipa ya fahamu, ambazo mwili wote lazima uhamiwe na ncha ibaki wazi; David Hubel alipoeleza elektrodi yake ya tungsteni mwaka 1957 alitumia vanishi, na hadi leo ugumu wa kazi hiyo uko kwenye ncha.

Ninawezaje kupima nikiwa sina maabara?

Yeyusha gramu 9 za chumvi katika lita moja ya maji. Unganisha kipuri kwenye upande hasi wa betri ya volti 9, na kipande cha waya wa chuma cha pua kwenye upande chanya, kisha vizamishe vyote viwili bila kugusana, ukiuacha mguso wa kipuri nje ya maji. Tazama kwa lenzi. Kwenye kila kitundu utaona uzi wa viputo vya haidrojeni ukipanda, na mara nyingi utaona viputo hivyo vimepangana kando ya ukingo. Usibadilishe pande za betri, maana kipuri kikiwa chanya metali yake italika na utakuwa umeharibu ulichokuwa unakipima. Fanya kazi hiyo penye hewa, kwa sababu waya wa upande chanya unaweza kutoa klorini kidogo. Ukiweka multimita mfululizo na betri, utapata namba ya kulinganisha kipuri kimoja na kingine.

Kupima unene ni kugumu zaidi, kwa kuwa vichwa vya vipimo vya kawaida ni vikubwa kuliko kipuri. Pima kwa uzito: ile sindano yetu yenye maikroni 5 za parilini huongezeka miligramu 0.12 tu, lakini sindano 1,000 huongezeka miligramu 120, na hizo hupimika kwa mizani nzuri ya dukani kwa sonara. Kwa ushahidi wa mwisho, zamisha kipuri kimoja ndani ya resini, kikate, kisugue kwa msasa laini na ukitazame ukingo wake kwa hadubini.

Kipuri kitagusa mwili wa mgonjwa. Nini cha ziada?

Neno "salama kwa tiba" kwenye kopo halitoshi. Tathmini ya ISO 10993 hufanywa kwa kifaa kilichokamilika, pamoja na kemikali zilizotumika kukisafisha na kukishikiza utando, na vifaa vya upasuaji wa umeme vina kiwango chao cha IEC 60601-2-2. Uliza pia kitatakaswaje: mvuke wa nyuzi 134 ukirudiwarudiwa huzishinda tando nyingi ambazo zingedumu miaka zikiwa kavu, kwa hiyo kipimo cha kuhami kifanyike baada ya mizunguko ya utakasaji, wala si kabla yake tu.

Kuna hatari gani kwa anayepaka?

Poliurethani za kuchanganya sehemu mbili zina isosianati, ambazo zinaweza kusababisha pumu ya kudumu, hivyo zisipuliziwe bila chumba cha kuvuta hewa na kinyago kinachofaa. Epoksi mbichi ikigusa ngozi inaweza kuifanya ngozi iikatae kabisa (mzio), na baada ya hapo hata tone dogo huleta vipele. PTFE ikizidishwa moto hutoa moshi unaoleta homa na kifua kubana. Usivute sigara ukiwa na vumbi lake mikononi.

Utando ukichubuka, unaweza kurekebishwa?

Akriliki, ndiyo: safisha, paka tena, na koti jipya litayeyuka na kuungana na la zamani. Silikoni hukubali silikoni tu. Epoksi na poliurethani zilizokwisha kuiva lazima zisuguliwe kwanza ili koti jipya lipate mahali pa kushika. Parilini haiyeyuki kwa kiyeyushi chochote cha karakana. Hukwanguliwa, huchomwa kwa leza au huliwa kwa plazima ya oksijeni, na kiraka chake kwa kawaida huwa cha epoksi au poliurethani. Kwa kipuri chenye thamani ndogo kuliko saa moja ya fundi, kitupe uweke kipya, lakini kwanza kitazame chini ya lenzi ujue kilichubuliwa na nini, kwa sababu kipya kitapita mahali palepale.